Saa ya hadithi maktaba kwa watoto wa miaka 3 mpaka 6, mada za kila wiki mnazipangaje?

dada_kona_ya_watoto (Moshi)

Habari zenu wote, wakubwa shikamooni. Niko Moshi, nasaidia kwenye maktaba ya jamii upande wa Soweto, sio kubwa, chumba kimoja na baraza, sasa kuanzia mwezi ujao nimekabidhiwa saa ya hadithi ya watoto wadogo kila Jumamosi saa nne asubuhi, na msimamizi wetu anataka kila Jumamosi iwe na mada yake, wiki hii wanyama, wiki ijayo mvua, hivo hivo.

Kusoma naweza, sauti ninayo, ila hili la mada ndo linanisumbua. Nimepita mtandaoni nikakuta orodha ndefu za Ulaya na Marekani, humo ni maboga ya kuchonga, mtu wa theluji, maharamia, na theluji yenyewe sisi tunaiangalia kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi kabla mawingu hayajafunga, mtoto wa hapa mtaani Pasua hajawahi kuishika. Afu vitabu vya Kiswahili vya rika hilo vyenye picha kubwa tunavyo vichache, vingi ni vya Kiingereza vya msaada, kwa hiyo unaweza ukapata mada nzuri halafu kitabu cha kuendana nayo hamna.

Naomba mnisaidie, mada mnazichaguaje, muda uwe kiasi gani, na huyu wa miaka mitatu na yule wa sita nawakalishaje kwenye mkeka mmoja? Bajeti ni karatasi, gundi na rangi, basi.

mwl_sakina (Arusha)

Dada hongera sana, hiyo kazi ina baraka. Mi nafundisha chekechea hapa Arusha na Jumamosi nyingine huwa nasomea watoto maktaba. Muda ni dakika ishirini mpaka thelathini, ukipitiliza wa miaka mitatu anaanza kutafuta viatu vyake. Fungua na wimbo mmoja wa salamu unaotaja majina yao, hadithi fupi, wasimame watingishike, hadithi ya pili, kazi ya mikono, wimbo wa kwaheri. Wimbo wa salamu usiubadilishe hata kama we umeshauchoka, mtoto mgeni akiusikia wiki ya pili anajua hapa kumbe napajua.

Sasa mada. Usiweke "wanyama", ni pana mno, utasoma hiki utaonyesha kile mwisho hakuna kilichobaki kichwani. Weka twiga. Twiga dume mkubwa anafika kama mita tano na nusu, sasa kata kamba ya urefu huo, ilaze chini barazani, watoto walale mmoja mmoja kuifuata kamba waone inahitaji watoto wangapi kumaliza twiga mmoja. Hapo wa miaka sita anahesabu na wa miaka mitatu analala tu anacheka, na wote wako kwenye mada ileile, ndo jibu la swali lako la rika. Halafu waambie ndama wa twiga akizaliwa tu ana kama mita 1.8, yani baba zao wengi hawamfikii. Waambie wajishike shingo, mifupa ya shingo yetu ni saba na ya twiga ni saba vilevile, ya kwake mirefu tu. Chalii wa miaka mitano hiyo anaenda nayo mpaka nyumbani na wiki nzima anawashika watu shingo.

Kwa hiyo kila mada mi najiuliza jambo moja tu, mwili wa mtoto utafanya nini? Kama jibu ni kukaa na kusikiliza tu, mada hiyo naiacha hata kama kitabu chake ni kizuri namna gani. Siku ya mbega kwa mfano, mbega hana kidole gumba, kimebaki kijinundu tu, basi watoto wanakunja gumba kiganjani halafu wanajaribu kumenya ndizi. Utaona kazi. Na mbega nyie mnao hapohapo msitu wa Rau, tena wale weusi wenye manyoya marefu meupe mgongoni.

meku_wa_kibosho

Marahaba binti yangu. Mimi si mwalimu, ni babu wa wajukuu tu, ila naona mnahangaika na vitabu wakati hadithi zimejaa hapahapa. Sisi tulisimuliwa jioni bila karatasi hata moja. Msimuliaji anasema paukwa, nyie mnajibu pakawa, au hadithi hadithi, mnajibu hadithi njoo, na kama hamkujibu kwa nguvu haanzi. Huo ndio ufunguzi, usihangaike kutafuta mwingine.

Mada yako ya kwanza iwe mlima. Mtoto anauona kila siku, lakini nani amemwambia kwamba Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima huo, walikuwa ndugu? Mawenzi moto wake ulizimika akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akapewa, ukazimika tena akarudi, mpaka Kibo akachoka akampiga, na ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile na Kibo yuko mviringo. Kila ukoo una namna yake ya kuisimulia, we chukua ya kwenu. Ukimaliza watoe nje wauangalie wenyewe, kama uko wazi, na kama umefunga basi wachore.

Mada ya pili mgomba. Waonyeshe kwamba mgomba unazaa mkungu mmoja tu halafu unakatwa, ila pembeni kuna machipukizi yanaendelea, watoto wa mama huyohuyo. Hadithi ya mtoto na mama yake umeshaipata hapo bila kununua kitu. Na isale usiisahau, jani lile ndilo Mchagga alikuwa anapeleka akienda kuomba msamaha, siku ya mada ya kugombana na kupatana mpe kila mtoto jani lake ampelekee aliyemkosea.

mkutubi_kaskazini

Shikamoo mzee wetu, nimeipenda hiyo ya isale sana, ila hapo kwenye kitabu naomba tutofautiane kwa heshima. Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi, na kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu hata kimoja, Jumamosi hiyo ndo mahali pekee atakapomwona mtu mzima anakifurahia kitabu, anakifunua taratibu, anafuata mstari kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Kusimulia kwa mdomo kuwepo, tena kuanze, lakini kitabu lazima kionekane kila wiki hata kiwe cha kurasa nane.

Dada, kishike pembeni ya bega lako picha ikiwaelekea wao muda wote, usisome halafu ndo ugeuze, maana wote watasimama kuja kuona na utaratibu umekufa hapohapo. Kabla hujafunua ukurasa uliza "mnadhani atafanya nini?" na usubiri kweli, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, wengi tunauliza halafu tunajijibu wenyewe. Hadithi yenye sentensi inayojirudia ndo dhahabu kwa rika mchanganyiko, wadogo wanadaka ile sentensi na wakubwa wanafuata kisa.

Upungufu wa vitabu sasa. Ingia tovuti ya African Storybook, kuna hadithi nyingi za picha za Kiswahili, bure, zina leseni ya wazi inayoruhusu kupakua na kuprinti, na zimepangwa kwa ngazi, chukua ngazi ya kwanza na ya pili. Printi A4, bandika kwenye manila, toboa funga na uzi, unacho kitabu kikubwa. Halafu ulizia vitabu vilivyotoka kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, wale tangu 1991 wamekuwa wakisaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini, mazingira ni yetu na majina ni yetu. Pia nenda maktaba ya mkoa hapo Moshi ukaongee na mkutubi ana kwa ana, waulize kama mnaweza kuazima kwa jina la maktaba yenu.

Na vile vya Kiingereza vya msaada usivitupe. Chagua vyenye picha zinazojieleza, andika Kiswahili chako kwenye vipande vya karatasi ubandike nyuma ya kila ukurasa, unasoma ukiwa umewaelekezea picha.

Jambo moja tu nakuomba, anza na kitabu halafu ndo mada, sio mada halafu uwinde kitabu. Ukiwa na vitabu vizuri kumi na viwili basi una mada kumi na mbili, miezi mitatu imeisha, na baada ya hapo rudia kuanzia mwanzo, watoto wa rika hilo kurudiwa ndo wanapenda.

dada_kona_ya_watoto (Moshi)

Jamani asanteni, nimeandika yote daftarini. Meku, ile ya Kibo kumpiga mdogo wake mi inanitia wasiwasi kidogo, kuna watoto wanatoka kwenye nyumba zenye ugomvi, nawasimuliaje? Na lingine, wapo wazazi wameshaniambia watoto wao wako ingilishi midiamu kwa hiyo wanataka nisome kwa Kiingereza, nifanyeje?

meku_wa_kibosho

Swali zuri binti yangu. Usikifiche kipigo maana mlima wenyewe umechongoka na mtoto atauliza umechongokaje, ila usikae hapo. Sema Kibo alikasirika akampiga, halafu waulize, Mawenzi aliumia wapi? Kibo angefanya nini badala ya kupiga? Watakwambia wenyewe, na hapo unatoa isale. Hadithi mbili zimekuwa moja.

mama_wawili_njiro

Habari dada, mi ni mzazi, wangu wako ingilishi midiamu na ndo kwanza nataka wasomewe Kiswahili! Kiingereza wanakipata Jumatatu mpaka Ijumaa, nyumbani katuni ni Kiingereza, wa pili alifikia kumjibu bibi yake kwa Kiingereza na bibi hakielewi, iliniuma sana. Waambie wazazi kwa upole kwamba mtoto akishajua hadithi inaendaje kwa lugha anayoota nayo, kusoma kwa lugha nyingine kunamjia kirahisi. Kama wanasisitiza weka wimbo mmoja wa Kiingereza katikati, ila hadithi usiiguse.

Halafu naomba uwakumbuke wasiosema. Wangu wa kwanza alikuwa hafungui mdomo mbele ya watu, mwenye saa ya hadithi akawa anampa kazi ya kushika kikaragosi cha soksi, hakumlazimisha kuongea, na siku moja kile kikaragosi ndo kikaanza kujibu "pakawa". Usimuulize mtoto wa aina hiyo swali mbele za watu wiki za kwanza, mpe kitu cha kushika.

Na wazazi na madada wanaowaleta wakae mkekani na wao, wasibaki barazani na simu. Waambie siku ya kwanza kabisa, ukichelewa hutawarudisha.

mwl_sakina (Arusha)

Naunga mkono hilo la wazazi. Na nimekumbuka mada nyingine inayowaingia sana hawa, treni. Treni ya abiria ya Dar ilirudi Moshi Desemba 2019 na wengi wameiona au wameipanda, panga viti mstari mmoja, mkubwa wa miaka sita awe anakagua tiketi, wadogo abiria, kila stesheni mnashuka kusoma ukurasa mmoja. Ya mvua iweke Machi masika yakianza, wasugue viganja, wapige vidole, wapige mapaja, wakanyage chini, halafu warudi nyuma taratibu mpaka mvua ikatike. Hiyo ukiifanya ndani ya chumba cha bati wakati inanyesha kweli hutahitaji kitabu siku hiyo (mkutubi nisamehe).

dada_kona_ya_watoto (Moshi)

Nimeongea na msimamizi amekubali tuanze na vitabu. Jumamosi ya kwanza ni mlima, kwa mdomo kwanza halafu kitabu kifupi cha ndugu wawili nilichokiprinti. Ya pili twiga, kamba naipata Mbuyuni. Ya tatu mbega na ndizi, hapo naomba wazazi waje na kisukari moja moja. Ya nne mgomba. Wazazi mkekani nimeshaandika kwenye tangazo la mlangoni. Meku, machipukizi napata wapi huku mjini, nataka kila mtoto apande lake kwenye kopo?

meku_wa_kibosho

Kwenye kopo litakufa, mgomba unataka shimo na samadi. Mpande mmoja wote kwa pamoja pembeni ya baraza hapo maktaba, wape zamu ya kumwagilia. Nashuka mjini Ijumaa, nakuletea chipukizi la mshare, aina ya mgomba wetu, andaa shimo la futi mbili.