Subaru za tabo za zamani: tuziache zilivyotoka kiwandani au tubadilishe zidumu? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Ninayo Impreza WRX ya 2001, ile ya taa za mviringo, injini EJ20 ya tabo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), gia za manyuo. Naipenda gari hii na nataka izeeke ikiwa inatembea. Msimamo wangu: presha ya tabo na kontroboksi (kompyuta ya injini) siruhusu fundi aguse, ila mfumo wa kupoza injini nabadilisha bila kuuliza. Rejeta ya kiwandani ina matangi ya plastiki, na plastiki ya zaidi ya miaka 20 si ya kuaminiwa. Angalia pale inapoungana na alumini: ukiona ukoko wa kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka, ndo inaanza kuvuja hivyo. Yangu sasa ni alumini tupu, na mipira yote ya maji mipya.

Ila kutoa themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto) "ili isichemshe", hapana! Injini haifiki joto lake, kontroboksi inadhani bado ni ya baridi, inazidi kumwaga petroli, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Taja gari, ulichobadilisha na kilichofuata.

Mdau, Mbeya: Mkuu, mimi ni Legacy B4 ya tabo mbili. Tabo ya kwanza inafanya kazi mizunguko ya injini ikiwa chini, ya pili inaingia ikifika 4,000 na kitu kwa dakika. Hapo kwenye kupokezana nguvu inapotea kidogo hata gari ikiwa mpya. Sasa mipira ya vakyumu (ile membamba inayoiamrisha tabo ya pili) ikishakakamaa na kupasuka, tabo ya pili haiingii kabisa. Unapandisha mlima Kitonga gari inalegea tu. Nilibadilisha mipira, ikapona, ikarudia. Mwisho nikaweka tabo moja. Mipira mingi na soketi za umeme za tabo ya pili zikaondoka, na tangu hapo sijapelekwa gereji na tabo. Kwa B4, uorijino siutetei.

Mdau, Mwanza: Vali ya kupumulia nje, ile ya "pshhh" inayotupa hewa ya tabo nje ukiachia mafuta, msiifunge kwenye gari. Hewa ile sensa ya hewa imeshaihesabu ili ipimiwe petroli, ukiitupa nje mafuta yanazidi na gari inakohoa ukibadili gia. Nilirudisha ya kiwandani, inayorudisha hewa ndani, ikatulia.

Mdau, Nairobi: Impreza ya dereva wa rally Colin McRae iliyoshinda Safari Rally 1997 ilikuwa na bomba la hewa lililopandishwa hadi karibu na paa, kwa ajili ya vumbi na mito. Waliijenga kufuata barabara zetu. Yangu nimeiwekea bamba la chuma chini ya injini tu, na oili nabadilisha mapema. Hayo mengine Subaru walishafikiria.

Mwanzisha mada: Mkuu wa Mbeya, kwenye tabo moja ulibaki na kontroboksi ile ile?

Mdau, Mbeya: Hapana. Ile ya tabo mbili inaendelea kuitafuta ya pili na kuwasha taa ya injini. Tafuta ya tabo moja pamoja na waya zake, na uhakikishe imepangwa kulingana na tabo yako kabla hujakanyaga mafuta.