Tupeane uzoefu: mliobadilisha plagi za gari wenyewe nyumbani

Dereva Mwanagenzi
Wakuu, salaam. Gari langu ni la silinda nne, petroli, kila plagi ina koili yake (ya kuipa umeme wa cheche) juu. Likiwa limesimama huku injini inaunguruma linatetemeka, na nikikanyaga mlimani linakwikwi. Nililinunua kwa mtu, kwa hiyo plagi zilizomo sijui ni za lini. Mpya ninazo tayari, boksi la 16 ninalo. Video nimeziangalia nyingi, wote wanafungua kirahisi kabisa. Nataka kusikia kwa aliyeshika spana mwenyewe: palikukwamisha wapi, na ulikuta nini huko ndani?

Spana Mkononi
Mkuu, kukwama kwenyewe mara nyingi ni kwenye koili, plagi haina shida. Bolti zake za kumi zinafunguka vizuri, ila ule mpira wa chini unakuwa umeshagandana na plagi kwa miaka. Yangu ya silinda ya tatu iligoma. Ukiivuta kwa hasira mpira unakatika na kubaki shimoni, halafu unaanza kuuvua vipande vipande kwa plaizi ndefu. Izungushe kidogo kulia, kushoto, kulia, mpaka usikie imeachia, ndipo uivute wima. Soketi ya waya nayo usiing'ang'anize, ile kikofia ya plastiki ikishazeeka inavunjika ukiigusa tu.

Kabla hujalegeza plagi, pulizia hewa mashimo yote. Usiruke hatua hii. Kwangu mlikuwa na mchanga na vipande vya majani makavu. Plagi ikishatoka, chochote kilichokuwa kimekaa pembeni yake kinaangukia juu ya pistoni.

Mama Gereji
Nakazia hapo, na injini iwe imepoa kabisa. Hedi (kichwa cha injini, plagi zinapofungwa) nyingi siku hizi ni alumini. Ukifungua ikiwa ya moto unaweza kutoka na nyuzi za hedi.

Mimi kurudishia ndiko ninakokuheshimu kuliko kufungua. Gari la mdogo wangu lilikuja kwangu likiwa linatoa sauti ya "chu-chu-chu" kila likiongezwa moto. Kuna mtu aliianzisha plagi upande na kuilazimisha kwa mpini mrefu. Nyuzi zimeisha, mgandamizo unatokea pembeni. Ikabidi hedi itobolewe upya na kuwekewa nyuzi za chuma za kuchomeka. Kazi ya asubuhi moja ikageuka kazi ya fundi mashine.

Tangu hapo ninatumia kipande cha mpira wa mafuta. Unakichomeka juu ya plagi, unaishusha shimoni, unazungusha kinyume polepole mpaka uihisi inadondoka kidogo, "tik", ndipo unaanza kufunga. Uzuri wa mpira ni kwamba plagi ikienda upande, mpira unateleza wenyewe, nguvu haifiki. Mkono utaisikia. Spana inakuja mwisho kabisa.

Kaka Torki
Na ukifika mwisho usikaze kama nati ya tairi. Plagi mpya yenye wosha: ikishakaa kwa vidole, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili, ile wosha inajibana. Zile zisizo na wosha, zenye kikalio cha mteremko, ni 1/16 ya mzunguko tu, yaani unaigusa na kuacha. Mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza, plagi za nyuzi za milimita 14 kwenye alumini nyingi zinakaa kwenye N·m 25 hivi, za milimita 12 chini ya hapo. Kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata.

Fundi wa Jumapili
Msisahau kupaka grisi kwenye nyuzi isigande.

Kaka Torki
Ndugu, hapo tutagombana. Plagi nyingi za sasa nyuzi zake zimepakwa madini tayari. Ukiongeza grisi zinateleza, unakaza kupita kiasi huku spana inakuonyesha namba ileile. NGK wenyewe wanasema msipake. Grisi nzuri ni ile ya silikoni, kidogo, ndani ya mpira wa koili, ili safari ijayo isigandane kama alivyosema Spana Mkononi.

Fundi wa Jumapili
Sawa, ya koili nimeipokea. Ya nyuzi nitaendelea kupaka kwenye lile langu la zamani lenye plagi za chuma kitupu.

Boxer Mlalo
Nyie mnaongelea plagi zinazokutazama juu. Njooni kwenye Subaru. Injini imelala, plagi zinatazama ubavuni, na kati ya plagi na chesisi mkono wenyewe unaingia kwa kubembeleza. Mimi huwa natoa betri upande mmoja, upande wa pili boksi la hewa. Ukiwa na ekstensheni ndefu moja tu umekwisha. Uwe na fupi kadhaa na kiungo cha kukunja, uziunganishe ukiwa ndani kwa ndani. Vidole vitachubuka. Mke wangu akiona natoa betri anajua leo hatutoki.

V Sita
Pole. Mwenzako zile tatu za nyuma siwezi hata kuziona mpaka nivue manifoldi ya juu (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), na gasketi zake mpya niwe nazo mkononi. Nikishaivua, kwanza naziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi. Nati ikitumbukia humo, hesabu hedi inashuka.

Moshi Mweusi
Sisi wa dizeli, tusio na plagi za cheche, tunawasalimu tukiwa tumekaa kivulini.

Dereva Mwanagenzi
Hahaa, kaa hukohuko. Swali: gapu (nafasi ya cheche kwenye ncha) nipime? Hizi nilizonunua ni za ncha ya madini ya iridiamu.

Mama Gereji
Itazame kwa macho tu kama haijapigwa. Zipo iridiamu zenye ncha ya milimita 0.4, ukiingiza kile kipimo cha duara na kukisukuma unaivunja. Plagi za kawaida za nikeli ndizo za kupima na kukunja ule mkono wa pembeni taratibu, bila kugusa ncha ya kati. Na plagi ikianguka sakafuni, usiirudishie. Kauri inaweza kuwa na ufa usioonekana, halafu utasaka misi (silinda kukosa kuwaka) mwezi mzima.

Kingine, namba ya joto ya plagi usibadilishe kienyeji. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume, ikipanda ni ya moto zaidi. Kuna mtu alilinganisha namba za kampuni mbili akadhani amepata ileile.

Dereva Mwanagenzi
Wakuu, mrejesho. Nimezitoa zote na kuzipanga kwa namba za silinda. Ya 1, 3 na 4 zina rangi ya kahawia iliyopauka, ncha zimelika. Ya 2 ni nyeusi, imelowa na inanuka petroli. Pia zote zina mduara wa kahawia kwenye kauri nyeupe juu ya chuma. Gesi inavuja?

Spana Mkononi
Mduara huo usikusumbue, ni vumbi la oili linalovutwa na umeme mkali. Zile tatu ni nzima, ila zimezeeka. Ya 2 ndiyo yenye habari. Kulowa petroli maana yake mafuta yanaingia ila moto haupigi. Shimo lake lina oili?

Dereva Mwanagenzi
Kavu kabisa.

Spana Mkononi
Basi gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) iko salama, tumuwinde koili. Funga plagi mpya zote, kisha koili ya 2 ipeleke silinda ya 3, ya 3 ije 2. Zungusha gari, halafu lisome kwa kile kifaa cha OBD, kinachosoma kodi za hitilafu za gari. Likikuandikia P0303 (misi silinda ya 3), misi imehama na koili, nunua hiyo moja. Likibaki P0302 (silinda ya 2), koili haina kosa. Angalia waya wake, nozeli ya kunyunyizia petroli, na upime mgandamizo wa silinda hiyo. Lisipoandika kodi yoyote na misi ikiisha, ilikuwa plagi. Ila usiendeshe mbali likiwa linamisi, petroli isiyoungua inaenda kuunguza katalaiza (kisafisha moshi cha ekzosi).