Mjadala: Ni sawa kuikabidhi kampuni moja macho ya mtandao mzima?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kooni, naomba tulijadili bila kutupiana maneno.

Kazini tunachagua programu ya kufuatilia utendaji wa mtandao. Kwa asiye wa fani: ni programu inayokaa kwenye seva moja na kupiga hodi kwa kila ruta, swichi na seva kila baada ya dakika chache. Upo? Umelemewa? Laini yako imejaa kiasi gani, pakiti (vipande vya data) ngapi zinapotea njiani? Majibu inayachorea grafu, na kitu kikizima saa nane usiku inakuamsha. Zipo kampuni ambazo biashara yao yote ni hiyo, na mkuu wetu anataka tununue kwa mojawapo yaishe.

Kinachonisitisha ni yaliyoikuta SolarWinds ya Texas, Marekani, vigogo wa kazi hii walioanza 1999. Wadukuzi waliingia kwenye mitambo yao ya kutengenezea programu, wakapachika mlango wa siri ndani ya Orion, programu yao kuu. Apdeti zilizotoka kati ya Machi na Juni 2020 zilibeba mlango huo zikiwa na sahihi halali ya kampuni yenyewe. Wateja wapatao 18,000 wakazipakua kwa mikono yao. Mambo yakafichuka Desemba, tena kupitia FireEye, kampuni ya usalama iliyokuwa ikichunguza wizi uliotokea kwake yenyewe. Tarehe 13 Desemba idara za serikali kuu ya Marekani zikaamriwa zizitenge au zizime Orion zao. Baadaye Ikulu yao ikataja idara tisa na kampuni binafsi kama mia moja zilizoingiliwa. Wakaishutumu idara ya ujasusi wa nje ya Urusi, Urusi ikakana.

Sasa kikulacho si ndicho hiki kilicho nguoni? Mimi naona taasisi inayotunza taarifa za watu, iwe hospitali, chuo au benki, isitoe macho yake kwa kampuni. Itumie programu huria ya ufuatiliaji, ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, kama Zabbix au Nagios, iendeshe yenyewe. Naomba kuwasilisha.

Mkesha Zamu

Mkuu, hiyo Nagios umeshaiendesha au umeisoma tu?

Sisi tulifanya hivyo unavyotaka. Kijana mmoja hodari aliijenga yote, skripti kaandika mwenyewe, maelezo hakuacha hata nusu ukurasa. Akapata kazi kwingine. Miezi michache baadaye diski ya ile seva ikajaa, ikaacha kupima, na skrini ikabaki kijani vilevile, kana kwamba kila kitu ni kizima. Tulikuja kujua siku laini kuu ilipokatika. Watumiaji wanapiga simu wanalalamika, sisi tumekaa tunatazama kijani! Bora ingekuwa haipo kabisa, tungetembea kwenda kuangalia taa za swichi.

Kampuni inakupa mtu wa kumpigia na vipimo vilivyo tayari kwa vifaa vya kila aina. Na ule wimbo kwamba huria ni salama kwa kuwa kila mtu anauona msimbo, tuuache. Tundu la Log4j, kijiprogramu cha kuandika kumbukumbu za matukio, lililotangazwa Desemba 2021 lilikuwa ndani ya programu huria, limekaa humo miaka, macho yote hayo yapo.

Pakiti Moja

Mnagombania jina la duka, tatizo ni funguo.

Orion iliwanogea wadukuzi kwa sababu ya mahali ilipokaa. Programu ya namna hii inafika kila kifaa, imehifadhi nywila zao, mara nyingi antivirasi imeambiwa isiguse makabrasha yake ili isiicheleweshe, na ina ruhusa ya kutoka kwenda intaneti. Weka Zabbix papo hapo kwa nguvu zilezile, utakuwa na Orion ya bure.

Kupima hakuhitaji mamlaka ya kubadili. SNMP, lugha ambayo vifaa vimejielezea kwayo tangu 1988, ina neno la siri la kusoma na jingine la kuandika. Vifaa vingi vilitoka kiwandani neno la kusoma likiwa "public" na la kuandika "private", na nimevikuta hivyohivyo vikiwa kazini miaka mingi baadaye. Halafu katika toleo la 1 na la 2 neno hilo linapita kwenye waya likiwa uchi, anayesikiliza analiokota. Toleo la 3 ndilo lenye uwezo wa kulificha.

Muuzaji atakuja na moduli ya kubadili mipangilio ya ruta zote kwa kubonyeza mara moja. Inavutia, sikatai. Lakini hapo ndipo funguo za nyumba zinapotoka mkononi. Mwambie kazi hiyo ina chombo chake kingine. Na seva ya ufuatiliaji ifungiwe isitoke nje kabisa, apdeti iletwe na mtu. Seva isiyo na njia ya kwenda intaneti, hata ilipobeba mlango ule, haikuweza kuwaita wenye nao.

Msomaji Tu

Mimi si fundi, napita. Hiyo kampuni inaona ninachoandika?

Pakiti Moja

Kwa kawaida hapana, ila inaona bahasha. Taarifa za mtiririko, aina ya NetFlow, zinaonyesha kifaa gani kimeongea na kipi, saa ngapi, data kiasi gani. Bahasha zikikusanyika zinasimulia: nani anawasha kompyuta usiku, nani kaanza kutembelea seva asiyokuwa akiitembelea. Programu ikikaa kwako, bahasha zinabaki kwako. Ikiwa ni huduma ya wingu, zinakwenda kwenye seva za watu wengine, na hapo namuunga mkono mleta mada, maana wanaotajwa humo hawakuulizwa.

Mkesha Zamu

La funguo nakubali. Ila tusije tukakidharau kipimo chenyewe. Machi 2024 ilifichuka kwamba xz, programu huria ya kubana mafaili, imepachikwa mlango wa siri. Aliyeunasa, Andres Freund, ni mhandisi wa hifadhidata. Alikuwa anapima kasi ya kazi zake akaona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angekunywa maji akaendelea.

Mleta mada

Mmenirudisha nyuma hatua moja, si mbili. Nitamwambia mkuu tununue, programu ikae kwenye seva zetu, SNMP toleo la 3, ruhusa ya kusoma tu, isitoke nje.

Nililobaki nalo ni nani atalipa siku ikiharibika. Oktoba 2023 SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani, waliishtaki SolarWinds pamoja na mkuu wake wa usalama wa taarifa. Julai 2024 jaji akatupa sehemu kubwa ya madai, na Novemba 2025 SEC wenyewe wakaiondoa iliyobaki. Tena ile ilihusu wawekezaji kupotoshwa, wala si mteja aliyeingiliwa. Mikataba niliyoisoma mimi inaweka kikomo cha fidia kwenye kile ulicholipia leseni. Taarifa za wagonjwa zikivuja, bei ya leseni itamfuta nani machozi?

Mkesha Zamu

Hilo mpelekee mwanasheria, mimi nalala saa tisa kama Mungu akipenda. Apdeti utakuwa unaweka baada ya muda gani?

Mleta mada

Tutazijaribu pembeni kwanza, wiki mbili.

Pakiti Moja

Ule mlango wa Orion ukishaingia ulikuwa unalala hadi wiki mbili kabla ya kufanya chochote.

Mleta mada

Basi mwezi. Maana 2020 waliopona ni wavivu wa apdeti.

Mkesha Zamu

Na tundu likitangazwa siku ya pili, dawa yake unayo mkononi, utakaa mwezi unaitazama?