Mgonjwa wa Guillain-Barré wadini: mazoezi kiasi gani, na asimamishwe lini?

fizio_kisauni
Habari za kazi, wenzangu. Mgonjwa wa Guillain-Barré (kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, misuli ikalegea), siku ya 12 tangu miguu ilegee. Amemaliza siku 5 za imunoglobulini (kingamwili za kudungwa mshipani), na tangu juzi udhaifu haujapanda. Nguvu za mapaja 2 kati ya 5 (5 ni nguvu kamili, 3 ni kuinua kiungo bila uzito wowote), vifundo vya miguu 1, mikono 3. Anapumua mwenyewe. Jamaa zake wanataka afanyishwe mazoezi mazito kama mtu wa kiharusi, na kila jioni wanamkanda kwa taulo la maji moto na mafuta ya nazi. Nyayo zimeanza kulala mbele. Mazoezi kiasi gani? Banzi je? Kusimama lini?

banzi_na_leso
Anza na kifua, ndugu yangu. Ugonjwa huu waweza kuendelea kuzidi hadi wiki 4. Kabla ya kila kipindi mwambie avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti. Akifika 20, endelea. Akikatika chini ya 15, au jana alifika 28 na leo 18, acha mazoezi umwite daktari, apimwe kwa spirometa, kifaa cha kupima ukubwa wa pumzi. Pumzi moja kubwa ikiwa chini ya mililita 20 kwa kilo, yaani mililita 1,200 kwa mtu wa kilo 60, ni habari ya ICU, wadi ya mahututi. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisikutulize. Husoma vizuri mpaka misuli ya pumzi iwe ishachoka kabisa.

Kiharusi ni mambo ya ubongo, na kurudiarudia kunaufunza. Hapa ganda la mishipa ya fahamu ndilo lililochubuka, na nyuzi chache zilizobaki zimebeba mzigo wote. Ukizichosha, kesho yake amelegea zaidi. Misuli iliyo chini ya 3, msogezee wewe kiungo hadi mwisho wake, mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Mikono ya 3 aiinue mwenyewe bila uzito wowote, dakika 10 kisha apumzike. Jibu utalipata asubuhi: akiamka na maumivu au udhaifu uliozidi, kata kazi nusu. Na msimgeuze kwa kumvuta mkono, bega lililolegea hutoka.

Banzi lishike kifundo nyuzi 90, kisigino kielee. Muda wa saa 2 livaliwe, saa 2 livuliwe, na kila likivuliwa itazame ngozi. Mkanda usipite juu ya kile kifundo cha mfupa upande wa nje chini ya goti: mshipa wa fahamu wapita papo hapo juujuu, ukibanwa wayo huzidi kulala. Leso mbili zikunjwe gombo, ziwekwe kando ya nyonga, mguu usipinduke nje. Mto chini ya magoti ataupenda, maana nyuma ya mapaja huuma, lakini akilala nao usiku kucha magoti yatakauka yamekunjika.

zamu_ya_usiku
Taulo la moto likome leo. Ngozi yake haisikii sawasawa, ataungua bila kusema. Mafuta ya nazi hayana neno, kwa mkono mwepesi. Ila shavu la mguu mmoja likivimba na kupata joto, asiguse mtu: huenda damu imeganda, na ikisukumwa yaenda mapafuni.

Kusimama: kitanda cha kusimamishia, nyuzi 20 kwanza, dakika 5. Pima presha akiwa amelala, dakika ya 1, dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka 20, au akiona giza, mlaze.

fizio_kisauni
Kitanda hicho hatuna, kuna cha kuinua kichwa tu.

zamu_ya_usiku
Basi bandeji ya kuvutika kutoka vidoleni hadi mapajani, kichwa nyuzi 30, kesho 60, kisha ukingoni mwa kitanda, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Miguu yake mwenyewe isibebe mwili mpaka mapaja yafike 3.

banzi_na_leso
Na hao jamaa wapewe kazi, wasifukuzwe: kumgeuza kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na kuandika ubavu aliolalia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda.