Seva ya barua pepe inahesabu Kiswahili kuwa "lugha isiyotakiwa"!

Wakuu, mnivumilie, nimekasirika kweli kweli.

Nashona sare za shule hapa Morogoro. Mwezi uliopita mwalimu mkuu mmoja alinipigia: "Fundi, nimekuandikia mara tatu kuhusu sweta 340, umenyamaza tu. Tumeshampa mwingine." Sikuwahi kuona hata barua moja. Kwenye kikasha hakuna, kwenye folda ya taka hakuna.

Nikaibana kampuni inayonihifadhia barua pepe. Kwanza wakasema mteja kakosea anwani. Siku ya tisa ndipo wakanitumia logi, yaani kumbukumbu za seva, na mstari wenyewe huu hapa:

identified spam (3.4/3.0)

SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka wanayoitumia, hupima barua kwa kanuni nyingi, kila kanuni na alama zake. Jumla ikifika kikomo, barua inahesabiwa taka. Kikomo inachokuja nacho ni 5. Hawa wamekishusha hadi 3! Na katika hizo 3.4, alama 2.8 zimetoka kwenye kanuni moja tu: UNWANTED_LANGUAGE_BODY. Lugha isiyotakiwa. Mwalimu wa Morogoro kamwandikia fundi wa Morogoro kwa Kiswahili, seva inasema lugha haitakiwi.

Kanuni hiyo haijiwashi yenyewe. Lazima mtu awashe TextCat, kipengele chake cha kutambua lugha, halafu aandike ok_languages en, yaani Kiingereza tu ndicho kinachoruhusiwa, na kuishia hapo. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha inazozitambua, kwa jina la sw. Herufi mbili zimenigharimu sweta 340.

Tena SpamAssassin haifuti barua ya mtu, inaipachika alama tu. Kufuta ni uamuzi wa aliyepanga seva, na hawa wamepanga ifutwe kimya kimya. Wangeikataa pale pale inapoingia, mwalimu angerudishiwa ujumbe kwamba haikufika, angenipigia siku ile ile. Badala yake kakaa wiki mbili akiamini nimemdharau. Hilo linaniuma kuliko hela.

Nimewaomba mambo matatu: required_score (kile kikomo) irudi 5, ok_languages iwe en sw, na barua zinazotiliwa shaka ziingie folda ya taka nizikague mwenyewe. Jibu lao: "Mipangilio hii ni ya wateja wote, hatuwezi kuibadilisha kwa ajili ya mteja mmoja."

Ya wateja wote! Basi wangapi humu wanapoteza oda na maombi ya kazi bila kujua? Na si kweli kwamba haiwezekani. SpamAssassin inaruhusu kila akaunti iwe na mipangilio yake kwenye faili la user_prefs, wakiamua kuifungua.

Zile barua tatu nimeambiwa hazirudi. Nahamisha akaunti yangu wiki hii. Wewe unayeandikiwa na wateja kwa Kiswahili, dai logi zako leo, utafute jina la kanuni hiyo. Ukilikuta, liweke hapa tuone tuko wangapi.