Itak mbili kutoka Ufilipino: ya kale inakata, mpya inakunjika. Je, ufundi umepotea?

Mkulima wa Kabare, Bukavu

Ndugu zangu wa jukwaa hili, nawasalimu kutoka Bukavu. Nina visu viwili vilivyotoka nchi moja, na vimenitia katika mawazo ambayo nimeshindwa kuyamaliza peke yangu. Shemeji yangu alifanya kazi melini kwa miaka mingi pamoja na mabaharia wa Ufilipino, na mmoja wao, siku ya kuagana, alimpa itak, yaani panga fupi la kazi ambalo kwingine kwao huitwa bolo, lililokuwa la baba yake mzazi huko Batangas, kusini mwa Manila. Ya pili shemeji aliinunua mwenyewe katika duka la zawadi mjini Manila kwa sababu ilimpendeza macho: ala imechongwa nakshi, mpini una umbo la kichwa cha ndege, na ubavuni mwa bapa pameandikwa jina la nchi kwa herufi za rangi ya dhahabu.

Ile ya kale haina uzuri wowote. Bapa lake ni jeusi na limejaa alama za nyundo, mpini ni pembe ya nyati wa kufugwa iliyopata ufa, nayo ala ni vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kamba. Lakini tangu mwaka jana naitumia shambani Kabare kupogolea migomba na kukatia kuni, na huinoa pengine mara moja kwa majuma mawili. Ile mpya niliijaribu siku moja tu, tulipochinja mbuzi. Ilipogonga mfupa wa paja, makali yalilala upande mmoja kama ukingo wa sahani ya bati, na mpini ukaanza kucheza mkononi. Nilipouvuta ukatoka wote, nikaona kwamba msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, haufiki urefu wa kidole gumba, nao ulikuwa umegandishwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao.

Naomba mnisaidie: je, ufundi wa wahunzi wa Ufilipino umeshuka kiasi hicho, au shemeji aliuziwa kitu ambacho tangu mwanzo hakikukusudiwa kukata? Nauliza pia kwa ajili yetu, kwa maana mapanga ya rangi ninayonunua sokoni hapa nayo yana tabia ileile, na ningependa kujua kama ugonjwa ni mmoja au ni miwili.

Mfua Chuma, Kadutu

Mzee, kabla ya kuwahukumu watu, kihoji chuma chenyewe. Chukua tupa ndogo, ambayo haijalika, uipitishe polepole juu ya makali ya kila kimoja, pale karibu na ncha. Tupa ikiteleza na kutoa mlio mwembamba kama wa kioo, chuma kiligumishwa vizuri. Ikiuma na kuacha unga unaong'aa, chuma ni laini, na hapo swali la ufundi halijafika bado, kwa sababu hata mhunzi hodari hawezi kukipa chuma kitu ambacho hakimo ndani yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wahunzi wa Ufilipino, ambao kwao huitwa panday, wanaishi kwa chuma kilekile tunachoishi nacho sisi, yaani resori za magari, zile springi za vyuma bapa zinazobeba uzito wa gari. Wao wana jeepney, magari ya abiria yaliyotokana na jip za kijeshi ambazo Wamarekani waliziacha baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na resori ya gari iliyovunjika huko haitupwi, kama hapa isivyotupwa ya lori lililokufa. Chuma cha resori kina kaboni ya karibu asilimia 0.6, ilhali nondo laini na mabati mazito ya madirisha hayafiki hata nusu ya hiyo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kila kitu. Chuma cha resori ukikipasha mpaka sumaku isikishike tena, karibu nyuzi 770, ukazidisha moto kidogo kisha ukakichovya, kinakuwa kigumu kama kioo. Kile laini ukikichovya mara mia moja kinabaki kuwa kilekile, kimeoga tu.

Kazi haiishi kwenye kuchovya. Kisu kilichotoka kuchovywa kinaweza kupasuka kwa kuanguka sakafuni, na kwa hiyo ni lazima kirudishwe kwenye joto dogo, nyuzi 200 na ushee, mpaka sehemu iliyosuguliwa ipate rangi ya majani makavu, ndipo kilegee kidogo bila kupoteza ugumu. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa kwanza mtu anapokuwa na haraka. Mimi niliiruka mwaka wangu wa pili wa kazi, kwa sababu mteja alikuwa amesimama mlangoni na mvua inanyesha. Alirudi baada ya siku tatu akiwa amebeba panga lake katika vipande viwili, akaviweka juu ya fuawe bila kusema neno, akaondoka. Vipande hivyo bado ninavyo.

Fanya jaribio la tupa, kisha utuletee habari.

Padre Msafiri, Goma

Nimesoma kwa furaha, kwa kuwa niliishi Quezon City miaka mitatu kwa ajili ya masomo, na nilifika Batangas zaidi ya mara moja. Naomba kwanza nisahihishe jina. Kile kisu chako kipya si itak, ingawa bapa lake huenda limekatwa kwa umbo la itak. Mpini wenye kichwa cha ndege ni wa barong, silaha ya Watausug wa visiwa vya Sulu, kusini kabisa mwa nchi, na ndege mwenyewe ni kakatua, aina ya kasuku mwenye kishungi. Mtu wa Batangas hatengenezi mpini wa namna hiyo. Aliyekitengeneza alichukua kichwa kwa watu wa kusini, akachukua mwili kwa watu wa kaskazini, akaandika jina la nchi nzima juu yake, na hilo peke yake linakuambia kwamba alikuwa akimfikiria mgeni.

Kuhusu kushuka kwa ufundi, nitasema niliyoyaona Taal, ule mji wenye kanisa kubwa sana la Mtakatifu Martino. Taal ina barangay, yaani kitongoji, kiitwacho Balisong, na ndiko kunakosifika kwa kisu cha jina hilohilo. Balisong ni kisu chenye mipini miwili inayozunguka kwenye pini mbili na kulifunika bapa pande zote; watu pia hukiita veinte nueve, yaani ishirini na tisa kwa Kihispania. Pale barabarani nilikuta maduka yanayouza visu hivyo karibu na kahawa chungu ya Batangas iitwayo barako, na muuzaji mmoja alikuwa akikifungua na kukifumba kwa kukirusharusha mkononi kwa kasi ya kutisha, huku akizungumza nami kuhusu mvua. Alipoona nimevutiwa, alinishikisha viwili. Cha kwanza, nilipokitikisa, mipini ilikwenda kushoto na kulia kama mguu wa kiti kibovu. Cha pili hakikutoa sauti yoyote. Bapa zote mbili ziling'aa sawasawa, na mgeni asingejua tofauti mpaka ashike.

Sasa, kwa nini kile cha kwanza kinauzwa? Mwaka 1972, baada ya Rais Marcos kutangaza utawala wa kijeshi, ilitolewa amri ya rais iliyokataza kubeba visu na silaha za namna hiyo nje ya nyumba, isipokuwa kwa mtu anayevitumia kama vyombo vya kazi yake ya kujipatia riziki, wakati akiwa kazini. Zingatieni jinsi amri hiyo ilivyogawa visu. Mkulima aliachiwa itak yake, kwa sababu nazi na miwa haisubiri amri. Lakini balisong, ambayo ilikuwa ya mfukoni, ilipoteza mfuko. Nje ya nchi nako milango ilifungwa, kwa mfano Uingereza ilipiga marufuku kuuza na kuingiza kisu hicho mwaka 1988. Kwa maoni yangu, aliyebaki kuwa mnunuzi mkubwa ni mtalii, na mtalii hakati kitu.

Jambo la pili ni vijana. Wafilipino ni miongoni mwa mataifa yenye mabaharia wengi zaidi duniani, na mtoto wa mhunzi anayepata kazi melini hana sababu ya kukaa mbele ya makaa ya vifuu. Ndugu Mkulima, yule baharia aliyempa shemeji yako itak ya baba yake amekwisha kukujibu nusu ya swali lako. Mtu mwenye shamba na mwenye kulilima hagawi itak ya babaye.

Fundi Mitambo, Lubumbashi

Naheshimu maneno ya Padre, ila naomba tusikimbilie kuwasifu wazee kupita kiasi. Tunalinganisha kisu kilichobaki na kisu kilichotengenezwa juzi. Mapanga mabovu ya mwaka 1960 nayo yalikuwepo, huko na hapa kwetu Katanga pia, lakini yalivunjika, yakaoza, yakaishia kwenye mashimo ya takataka, na hakuna baharia aliyeyaweka sandukuni ampe rafiki yake. Hili nililijifunza kwenye karakana, ambako kila mtu husifu mashine za zamani kwa kuwa zile zilizoharibika mapema hazipo tena za kutuaibisha.

Tena kuna sababu moja ya kitaalamu ambayo haimhusu mvivu wala mwongo. Mgeni hupenda kisu kinachong'aa na kisichoshika kutu, basi mhunzi anaombwa atumie chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kinahitaji joto la nyuzi 1,000 na zaidi ili kigumike, na linatakiwa lishikwe kwa usawa. Panday aliyefundishwa na baba yake kusoma rangi ya resori kwenye makaa, tena kwa jicho tu gizani, anajua kazi yake kikamilifu, lakini ujuzi huo hauhamii kwenye chuma kigeni. Kisu chake kitatoka laini ingawa mkono ni uleule uliofua visu vizuri. Je, hapo tuseme ufundi umeshuka? Mimi nasema ufundi umehamishwa mahali usipopajua.

Muuza Nyama wa Nyawera

Baba zangu, mnazungumza kama visu vinajinunua. Mimi nina visu vitano buchani na vitatu kati yake ni vya kuletwa kutoka nje, vyenye mpini wa plastiki, kwa sababu bei ya kimoja cha mhunzi hapa Bukavu ninanunua hivyo vitatu vyote. Kile cha mhunzi nakinoa asubuhi na kinanifikisha saa nane mchana; vile vya plastiki nakaa navyo kwenye kinoo kila mteja wa tatu. Najua kabisa kipi ni bora. Lakini siku ile nilipoanza kazi sikuwa na fedha za ubora, nilikuwa na fedha za visu vitatu. Nadhani hata huko kwa Wafilipino yuko mama wa namna yangu, na mhunzi wake anamwona akipita mlangoni kwenda dukani.

Mkulima wa Kabare, Bukavu

Nawashukuru wote, na wewe Mama wa Nyawera nakushukuru mara mbili, kwa kuwa umenikumbusha kwamba yale mapanga ya rangi niliyanunua kwa sababu hiyohiyo.

Nimefanya jaribio la tupa jana jioni, wanangu wakitazama. Kwenye ile mpya, tupa iliuma popote, makalini na mgongoni, na ikaacha unga mweupe kwenye kidole. Kwenye ile ya kale tupa iliteleza makalini kwa mlio ule mwembamba ambao Mfua Chuma aliueleza, lakini mgongoni iliuma kidogo. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu, jibu likawa lilelile. Halafu kuna jambo jingine ambalo sikuwa nimeliona kwa mwaka mzima: makali yamechongwa upande wa kulia tu, upande wa kushoto umelala bapa mpaka mwisho. Hiyo ni kasoro?

Mfua Chuma, Kadutu

Hujakosea, na hizo zote mbili si kasoro. Aliyeifua alichovya makali peke yake na kuuacha mgongo nje ya maji, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki na ulegevu wa kupokea pigo bila kupasuka. Hilo linataka mkono uliotulia, kwa sababu ukizamisha kwa kina zaidi ya inavyopasa umeharibu kazi ya siku nzima. Na kuchonga upande mmoja kunalifanya panga liingie kwenye mti kwa mshazari na kutupa kibanzi nje, ila linamfaa mtu wa mkono wa kulia tu. Kwa hiyo unoe upande huohuo wenye mchongo, na ule wa bapa uupitishe kwenye kinoo mara moja au mbili ukiwa umelala kabisa, kuondoa tu vile vinyuzi vya chuma vinavyobaki makalini baada ya kunoa.

Ile mpya haiwezi kugumishwa. Niletee mpini wake ule wa ndege, nitaufulia kisu kidogo kwa resori, chenye msuka unaopita mpaka nyuma, mradi tu ule mti uwe mti kweli.