Mjadala: Shule isiyo na karakana iruhusiwe kufungua mkondo wa amali?

Mtoa mada

Wadau, habari za leo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Kwenye amali mtoto anasoma masomo ya kawaida huku akijifunza fani kama umeme, uashi, kilimo au ushonaji. Amali naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachokataa ni shule kufungua mkondo huo ikiwa na ubao na chaki tu.

Nimesoma sekondari ya ufundi. Tulipofika kidato cha tatu mashine ya kuchomelea ilikuwa imekufa zamani, basi mwalimu akatuchorea ubaoni. Tulinakili mchoro, tukakariri majina ya sehemu zake, tukafaulu. Nilipokwenda kuomba kibarua, fundi akanipa nichomelee bawaba ya geti. Rodi ikaganda kwenye chuma na sikujua hata kuibandua. Fundi hakunicheka, ila kibarua sikupata.

La pili linaniuma zaidi. Mtoto wa dada yangu ameambiwa shuleni: "Hisabati yako mbovu, nenda amali ukasome umeme." Jamani! Jiko la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 8.7. Asiyeweza kugawanya namba hizo atachagua waya gani? Ataunguza nyumba ya mtu. Hata mwashi anayenyoosha pembe ya msingi kwa kupima tatu, nne, tano anafanya hisabati. Tukiugeuza mkondo huu kuwa jalala la waliofeli, tumeuua kabla haujasimama.

Mnasemaje?

Mwalimu, sekondari ya kata

Ndugu mtoa mada, kuhusu kuwasukumia amali wenye alama mbovu nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu karakana, hapana. Sekondari za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi miaka ya 2000, nyingi zilianza bila maabara. Tungesubiri maabara zikamilike, watoto wangapi wangebaki nyumbani? Maabara zilikuja baadaye, kwa kelele za wazazi na walimu. Karakana nazo zitakuja tukishaanza. Shule isiyo na wanafunzi wa amali haina hoja ya kuomba mashine.

Mtoa mada

Mwalimu, heshima yako. Mfano wa maabara ndio unaonitia hofu. Waliosoma kemia bila kugusa bureti walipewa mtihani mbadala wa vitendo, wa kuandika kwenye karatasi. Na mwanafunzi wa kemia bado ana njia nyingine mbele yake. Fundi aliyefuzu kwenye karatasi ana nini?

Tena hatuanzi leo. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Miaka ya 1970 ikaja michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Tulikuwa na sekondari za ufundi za Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru, Iyunga. Wazo halikuwa baya. Vifaa vilichakaa visirudishiwe vingine, na kwenye shule nyingi shamba likawa mahali pa kumpeleka mtoto mchelewaji akalime kama adhabu. Mtoto aliyeshikishwa jembe kwa adhabu utamwambiaje kwamba kilimo ni taaluma?

Mzazi

Naomba niulize nyote wawili. Binti yangu anataka umeme, shule inamwelekeza kwenye ushonaji kwa kuwa "ndiyo inayowafaa wasichana". Karakana ikiwepo halafu mlango wake ukawa wa wavulana tu, mimi nimepata nini? Pia nataka kujua: akisoma amali, mlango wa shahada unafungwa?

Mwalimu, sekondari ya kata

Mama, mlango haufungwi. Kutoka kidato cha nne yapo masomo ya stashahada, na mwenye stashahada nzuri huomba shahada. Njia hiyo mafundi sanifu wengi wameipita. La binti, simama imara. Mwandikie mkuu wa shule barua, si maneno ya mdomo tu.

Kwa mtoa mada, tukutane katikati. Jirani na shule yangu kuna chuo cha ufundi stadi ambacho mchana karakana yake hukaa tupu, na kuna gereji mbili za mafundi wanaojua kazi. Wanafunzi wakienda huko siku mbili kwa wiki, kwa makubaliano ya maandishi, bado utasema nisifungue?

Mtoa mada

Hapo umenisogeza, Mwalimu. Kosa langu lilikuwa kudai karakana iwe ndani ya uzio wa shule. Ninachotaka hasa ni saa za mtoto kushika chombo mwenyewe, akikosea na kurekebishwa na mtu anayeijua kazi. Uanagenzi wa namna hiyo naukubali kwa masharti: fundi alipwe kwa kufundisha, mtoto asigeuzwe kibarua wa kufagia gereji, awe na miwani na glavu, na ijulikane mapema nani anawajibika akiumia. Na shule ambayo jirani yake hakuna chuo wala gereji ichague fani inayowezekana pale ilipo. Kama kuna ziwa, ifundishe uvuvi. Kama kuna mifugo, ufugaji na usindikaji wa maziwa.

Mama, lile la binti nimelikosa kabisa kwenye hoja yangu ya mwanzo, na ni zito. Walimu mliomo humu, kwenye shule zenu nani anaamua fani ya mtoto: yeye mwenyewe, mzazi, au mwalimu wa taaluma mwenye karatasi ya matokeo mkononi?